Nani alihesabu wafu wa Majimaji? Swali linalokosekana katika insha za wanafunzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niseme neno juu ya insha za utafiti wanazopewa wanafunzi wa sekondari na wale wa mwaka wa kwanza vyuoni, hasa sasa ambapo Historia ya Tanzania na Maadili inafundishwa kwa Kiswahili.

Mada isiyokosa kila mwaka ni vita vya Majimaji. Na sentensi isiyokosa katika rundo la madaftari ni hii: "Watu 300,000 waliuawa na Wajerumani." Daftari la chini yake linasema 75,000. Mwalimu anaweka alama ya vema kwenye yote mawili, kwa kuwa tarakimu zote mbili zimo vitabuni, kisha anafungua daftari la tatu. Mtaala unadai fikra tunduizi kila baada ya kurasa mbili, na hapa nafasi ya kuzitumia imejileta yenyewe, nasi tumeipita kama daladala iliyojaa inavyopita kituo.

Ninachotaka kusema ni kwamba insha ya utafiti isahihishwe kwa njia aliyopita mwandishi kufikia dai lake, na kila tarakimu ndani yake iulizwe: nani alihesabu, na alihesabuje?

Tuchukue hizo za Majimaji. Vita vilianza Julai 1905 katika vilima vya Matumbi, watu wa Nandete walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Wakati huo hapakuwa na sensa iliyoorodhesha watu wa Matumbi, wala wa Liwale, wala wa Ungoni. Hakuna jumbe aliyekuwa na daftari la vizazi na vifo. Kwa hiyo jibu la kwanza ni kwamba hakuna aliyehesabu. Tulichonacho ni makadirio. Makadirio rasmi ya Wajerumani ni 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyevitafiti vita hivyo katika miaka ya 1960, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, pengine theluthi moja ya watu wote wa eneo la vita. Kati ya tarakimu ya chini na ya juu kuna tofauti ya mara nne.

Sasa tazama upande wa pili wa daftari. Vifo vya upande wa serikali ya kikoloni vimeandikwa kama deni la dukani: Wazungu 15 na askari Waafrika 389. Mwanafunzi akiwekewa mistari hii miwili pamoja, aulizwe kwa nini upande mmoja tunajua hadi mtu wa 389, na upande mwingine hatuna hakika hata ya makumi elfu. Akikaa nalo swali hilo kidogo atagundua mwenyewe kwamba wanaohesabiwa ni wale walio katika orodha ya mishahara. Ugunduzi huo una uzito kuliko kurasa tatu za "sababu na matokeo".

Halafu kuna lile neno "waliuawa". Wengi katika hao hawakufa kwa risasi. Jeshi la Wajerumani lilichoma vijiji, maghala na mashamba, na afisa mmoja wa jeshi hilo aliandika mwaka 1905 kwamba mapigano peke yake hayatoshi, njaa ndiyo itakayowatiisha watu. Njaa iliua wakati wa vita na iliendelea kuua baada ya bunduki kunyamaza. Hivyo mwanafunzi anapokuta tarakimu aulize inahesabu nini: waliokufa vitani tu, au na wa njaa? Wa mwaka gani hadi mwaka gani? Wa Matumbi na Kilwa tu, au hadi Mahenge na Songea? Vitabu viwili vinaweza kuonekana vinapingana kumbe kila kimoja kinahesabu kitu chake. Hata miaka ya vita inayumba kwa sababu hiyo hiyo. Shuleni tunaandika 1905 hadi 1907, ilhali gavana wa wakati ule, Gustav Adolf von Götzen, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1909 ambacho jina lake lenyewe linasema 1905/06, na kinaviita vita hivi uasi. Neno "uasi" tayari limeshatoa hukumu: mwasi ni mtu anayemkataa mtawala halali. Mwanafunzi anayenukuu chanzo cha aina hiyo na kuandika "uasi wa Majimaji" bila kufikiri ameazima macho ya gavana, na pengine hajui.

Kosa linalofuata ni "Wajerumani walisema". Wajerumani gani? Götzen alisisitiza ushirikina na uchochezi wa waganga, maelezo yaliyomfaa mtu ambaye mpango wa mashamba ya pamba ya kijiji ulikuwa wake. Albrecht von Rechenberg, aliyeshika ugavana baada yake mwaka 1906, alitazama zaidi manung'uniko ya kiuchumi: kodi, pamba na kazi ya kulazimishwa. Naye alikuwa na lake, maana alikuwa anatetea sera tofauti na za mtangulizi wake. Chanzo chenye maslahi hakitupwi. Kinasomwa huku jicho moja likitazama mfuko wa mwandishi. Gavana anapojisifu, punguza. Gavana huyo huyo anapokiri jambo linalomwaibisha, mwamini zaidi.

Kipimo hicho hicho tukitumie kwetu, na hapa ndipo wengi wetu walimu tunapolegea. Mwaka 1968 wanafunzi wa kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya wazee. Kazi ile ni hazina. Lakini kutoka 1905 hadi 1968 ni miaka 63. Mzee aliyekuwa na umri wa miaka kumi vita vilipoanza alikuwa na miaka 73 alipohojiwa, na alikuwa ameshasikia habari za vita hivyo kutoka kwa watu wengine kwa miongo sita. Tena taifa lilikuwa changa na linatafuta mizizi ya umoja wake, kwa hiyo swali lililopewa uzito ni jinsi makabila yalivyoungana. Waliojiunga na Wajerumani, na majirani waliotumia vita kulipana visasi vya zamani, hawakupewa nafasi kubwa. Kusema hivyo si kuidharau kazi ile. Ni kuisoma kwa haki ileile tuliyomsomea Götzen.

Leo hakuna shahidi wa macho aliye hai. Mwanafunzi wa Liwale au Namtumbo akimhoji babu yake, anachopata ni ushahidi wa namna vita vinavyokumbukwa, nao ni ushahidi halali kama ukitajwa kwa jina lake. Aandike umri wa mzee, kijiji, na aliyemsimulia: baba, bibi, au mwalimu darasani. La mwisho hutokea sana. Mzee anarudisha kilichoandikwa kitabuni, na mwanafunzi anashangilia kwamba "masimulizi yamethibitisha kitabu". Swali nalo lisiwe na jibu ndani yake. "Wajerumani waliwatesa vipi babu zetu?" litaleta mateso tu. "Uliambiwa nini kuhusu mwaka ule?" litaleta mateso, njaa, nani alikimbilia wapi, na pengine wimbo.

Mtandaoni shida ni nyingine. Mwanafunzi anafungua tovuti tano, zote zinasema 300,000, anaandika kwa kujiamini: "vyanzo vingi vinakubaliana". Mashahidi watano waliosikia kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja. Njia ya kuwabaini ni nyepesi: soma sentensi iliyobeba tarakimu katika kila tovuti. Mpangilio wa maneno ukilingana, zimenakiliana. Kisha angalia ipi inataja ilikoipata, ufuate kamba hiyo hadi ilipofungwa. Ikikatika njiani, dai halina mwenyewe, na insha inapaswa kusema hivyo au iliache. Angalia pia ukingo ulioanguka: "kati ya 250,000 na 300,000" husafiri tovuti mbili tatu ikafika ikiwa "300,000", na neno "inakadiriwa" huwa la kwanza kudondoka.

Ukisoma chanzo cha Kiingereza na kuandika Kiswahili, chunga maneno yanayofanana na yetu. Mfano niupendao ni "hongo". Katika habari za Majimaji, Hongo ni jina la pepo aliyempanda Kinjeketile, mganga wa Ngarambe aliyegawa maji yaliyoaminika kuwakinga wapiganaji na risasi, na wajumbe waliosambaza maji hayo waliitwa kwa jina hilo. Katika maandishi ya wasafiri wa karne ya 19, hongo ni ushuru ambao misafara ililipa kwa watawala wa njiani. Katika Kiswahili cha leo ni rushwa. Programu ya kutafsiri haijui ipi ni ipi, na mwanafunzi anayeinakili anaweza kuandika kwamba watu wa Rufiji waliingia vitani kwa kuhongwa. Sentensi haina kosa la sarufi hata moja.

Nije kwenye vifaa. Karatasi tano za A4, kila moja ikatwe vipande vinne, zinatoa kadi 20, na hizo zinatosha insha ya maneno 1,500. Kadi moja ibebe dai moja. Chini ya dai: nani kasema, mwaka gani, ukurasa wa ngapi, na alijuaje, yaani aliona, aliambiwa, alihesabu au alikisia. Maneno ya mwandishi yakichukuliwa yalivyo, alama za kunukuu ziwekwe palepale kwenye kadi. Wizi wa maandishi mwingi hauanzi na nia mbaya. Unaanza na daftari lisiloonyesha yapi ni maneno ya kitabu na yapi ni ya mwanafunzi, na wiki mbili baadaye hata yeye hawezi kutofautisha. Na katika kadi hizo 20, angalau nne ziwe zinapinga kile anachoelekea kukisema. Asipozipata, hajatafuta. Amekusanya tu watu wa kumpigia makofi.

Kwa insha ya wiki tatu, wiki ya kwanza yote iwe ya kusoma na kujaza kadi. Wiki ya pili kadi zimwagwe mezani zipangwe mafungu, na fungu lisilo na kadi zaidi ya moja lifutwe au lirudi maktaba. Ndipo rasimu iandikwe. Wiki ya tatu ni ya kuandika upya. Utangulizi uandikwe mwisho, maana huwezi kumtambulisha mgeni usiyemjua. Wanafunzi wengi hufanya kinyume: utangulizi usiku wa kwanza, na siku zilizobaki wanatafuta vya kuujaza. Na swali lenyewe lifinywe mapema. "Eleza vita vya Majimaji" halijibiki kwa maneno 1,500. "Kwa nini makadirio ya waliokufa yanatofautiana?" linajibika, na linamlazimisha kufikiri.

Katika uandishi, Kiswahili kina pango zuri la kujifichia, nalo ni kauli ya kutendwa. "Inasemekana", "imethibitishwa", "inaaminika": mtendaji katoweka. Kila mahali neno la namna hiyo lilipo, mwanafunzi ajaribu kulirudisha kwenye kauli ya kutenda. Nani anasema? Asipoweza kumtaja, amekamatwa. Vitenzi vya kutambulisha chanzo navyo vipimwe. Mtu "anathibitisha" pale ushahidi unapoonekana, vinginevyo anadai, anakadiria, anaeleza au anakumbuka. Götzen hakuthibitisha kwamba chanzo cha vita ni uganga. Alidai.

Aya mbovu ni ile niliyoanza nayo. Aya inayofaa inaweza kuwa hivi: "Idadi ya waliokufa haikupatikana kwa kuhesabu, kwa kuwa hapakuwa na sensa. Makadirio rasmi ya Wajerumani ni 75,000, ilhali Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Insha hii inaegemea makadirio ya Gwassa, kwa sababu serikali ya kikoloni haikuwa na njia ya kuwajua waliokufa kwa njaa mbali na vituo vyake, na haikuwa na sababu ya kukuza idadi hiyo. Hata hivyo, makadirio haya nayo yanategemea idadi ya watu ya kabla ya vita, ambayo yenyewe ni ya kukisia." Sentensi nne. Mwandishi ametoa uamuzi, ametoa sababu mbili, kisha ameonyesha udhaifu wa upande aliouchagua. Anayeogopa kwamba sentensi ya mwisho itambomolea hoja hajui kwamba ndiyo inayofanya msomaji amwamini kwenye zile tatu.

Tatizo haliko kwenye historia tu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923, na ya 2022 watu 61,741,120. Mwanafunzi wa Jiografia anatoa, anagawanya, anapata ongezeko la asilimia 37.4, anagawanya kwa miaka kumi na kuandika asilimia 3.7 kwa mwaka. Taarifa rasmi inasema 3.2. Wengi hufuta yao kimyakimya na kunakili ya serikali. Wachache huuliza kwa nini, na jibu ni kwamba ongezeko la watu hupanda juu ya ongezeko, kama riba ya benki. Asilimia 3.2 ikirudiwa mara kumi juu ya jumla ya mwaka uliotangulia inafika karibu na hiyo 37. Aliyefuta amepata jibu sahihi na hajajifunza kitu.

Kuhusu kudesa kwa akili mnemba, nitasema machache. Programu hizi huandika Kiswahili kinachoteleza, na zikiombwa marejeo huweza kubuni: jina la mwandishi linalosikika, jina la kitabu linalofaa, mwaka, hata ukurasa. Kitabu hakipo. Programu za kukagua ufanano wa maandishi hazitasaidia hapa, kwa kuwa zinalinganisha maneno na maneno. Uongo mpya hauna wa kufanana naye. Insha safi kabisa kwa kipimo hicho inaweza kuwa ya uzushi mwanzo hadi mwisho, na insha yenye nukuu nyingi halali inaweza kuonekana ya wizi.

Dawa ni ya zamani na haihitaji umeme. Mwalimu achague tanbihi mbili kwa kila insha, bila kutangaza zipi, na mwanafunzi amwonyeshe ukurasa na kadi yake. Dakika tatu zinatosha. Kwa darasa la wanafunzi 80 ni dakika 240, yaani saa nne, zikigawanywa katika siku nne za juma. Najua walimu watakaoguna. Lakini saa nne hizo zinaokoa muda unaopotea kusoma insha 80 zenye baba mmoja.

Na alama zigawanywe upya. Kwa insha ya alama 20 ningetoa sita kwa kadi, tano kwa namna vyanzo vinavyopingana vilivyoshughulikiwa, sita kwa hoja na tatu kwa lugha. Mwanafunzi aliyefika 75,000 kwa sababu zilizopangwa vizuri apate zaidi ya aliyeandika 300,000 kwa kuwa "ndiyo iliyo kwenye notisi". Aliye mbali na maktaba ya mkoa asiadhibiwe kwa uchache wa vitabu: vyanzo vitatu vilivyohojiwa vinatosha, hata kama kimojawapo ni kitabu cha kiada na kingine ni kibao cha makumbusho ya Majimaji pale Songea. Kibao nacho kina mwandishi na kina tarehe.

Kipindi cha kwanza cha muhula kitakachokuja kinaweza kuanzia hapo hapo. Mwalimu aandike ubaoni tarakimu nne, 15, 389, 75,000 na 300,000, bila maelezo, awape wanafunzi dakika 40 za kuandika maswali tu. Majibu yasipokelewe siku hiyo.

Wako,
Mwalimu wa Historia,
Lindi